Jina, Nafasi na Rangi: Kuandaa Takwimu Kabla ya Kuzionyesha Kijijini



Wengi wenu mmewahi kuhesabiwa. Mtu mwenye fulana ya shirika alifika mbele ya kibanda chenu cha shitingi, akauliza jina la mkubwa wa familia, idadi ya watoto, kijiji mlichotoka na mwezi mliofika. Akaandika kwenye karatasi au kwenye simu, akaenda zake. Baada ya wiki kadhaa yeye au mwenzake alirudi na grafu yenye rangi, akaibandika kwenye ukuta wa shule au kwenye shina la mwembe, akasema: hivi ndivyo hali yenu ilivyo.

Kati ya siku ile ya kwanza na siku hii ya pili kuna kazi inayofanyika ofisini ambayo ninyi hamwioni mtu akiifanya. Somo letu la leo linahusu sehemu moja ya kazi hiyo. Sehemu hiyo ni ndogo, na vitabu vya takwimu huipa kurasa chache tu. Ni namna ya kuamua kila jibu lililoandikwa katika safu liitwe jina gani, likae nafasi ya ngapi na lipakwe rangi gani. Tumeichagua kwa sababu ilitutia taabu sisi wenyewe, tena katika mkutano wa amani.

Grafu ya A na B

Sisi tunafanya kazi kutoka Kalemie, na mara kwa mara tunashuka Ankoro, mahali ambapo mto Luvua unaingia katika Lualaba, katika teritwari ya Manono. Wasomaji wa Tanganyika hawahitaji kuelezwa historia ya huko. Wazee wa Ankoro wanakumbuka Novemba 2002, wakati wa mapigano ya wanajeshi wa serikali na Mai-Mai, nyumba zilipochomwa kwa maelfu. Baadaye ukaja ugomvi wa Batwa na Baluba, uliopamba moto mwaka 2016 na 2017 katika sehemu nyingi za jimbo na kuhamisha watu mamia ya maelfu. Kwa hiyo karatasi yoyote inayotaja makabila mawili haisomwi kama karatasi tu.

Tulikuwa tumehesabu familia zilizopokea majembe na mbegu. Katika fomu, swali la jamii lilikuwa na majibu mawili ambayo tuliyafupisha kwa Kifaransa: A kwa autochtone, yaani Batwa, na B kwa bantou. Ofisini sote tulijua maana yake. Tuliweka takwimu katika programu ya kompyuta, tukaiamuru ichore grafu ya nguzo, tukachapisha na kusafiri nayo.

Grafu ilipofunguliwa, mzee mmoja Mtwa alinyoosha kidole kwenye nguzo ya kwanza akauliza: "Kwa nini sisi tumepewa rangi ya damu?" Kabla hatujajibu, baba mmoja upande wa pili naye akasimama: "Na mimi nauliza, kwa nini wao ni A na sisi ni B? Shuleni mtoto mwenye A ndiye wa kwanza." Mtu wa tatu akasema sasa ameelewa kwa nini majembe hayakumfikia.

Hakuna aliyekusudia lolote kati ya hayo. Programu tuliyotumia hupanga majibu kwa alfabeti kama haikuambiwa vingine, kisha huyapa rangi kwa kufuata mpangilio huo, na rangi yake ya kwanza ni nyekundu iliyofifia. Mashine ya kuchapisha ikaikoleza. Herufi A ikapata nafasi ya kwanza kwa sababu ni A, na nyekundu kwa sababu ni ya kwanza. Lakini nani angetuamini tukisema "ni kompyuta"? Wajumbe wa baraza la amani walitumia sehemu kubwa ya asubuhi kutuliza watu, na hesabu ya majembe, ambayo ndiyo iliyotupeleka, haikusomwa kabisa siku ile.

Tangu siku hiyo tunatenga muda kwa mambo matatu kabla ya kuchapisha chochote. Tutayaeleza kwa zamu, ingawa la kwanza litachukua nafasi kubwa zaidi.

Jina

Katika kila jedwali la takwimu, jibu lina sura mbili. Ya kwanza ni ile iliyohifadhiwa ndani ya faili, ambayo mara nyingi ni msimbo mfupi: 1, 2, 3, au A na B. Ya pili ni lebo, yaani jina ambalo msomaji ataliona. Msimbo ni wa mashine na lebo ni ya watu. Kosa letu la kwanza lilikuwa kuupeleka msimbo mbele ya watu.

Faida ya kutenganisha sura hizi mbili ni kwamba lebo inaweza kubadilishwa bila kugusa takwimu. Msimbo 2 unaweza kuwa na lebo ya Kiswahili kwa mkutano wa Ankoro, ya Kifaransa kwa ripoti ya mkuu wa jimbo, na ya Kiluba kwa kikundi cha akina mama wazee. Hesabu chini yake inabaki ile ile.

Lakini jina gani? Hapa kompyuta haina msaada. Tuliwauliza watu wenyewe. Upande wa Batwa, wengi walisema waitwe Batwa, na kwamba neno la Kifaransa la ofisini hawalijui. Wengine, hasa vijana waliosoma, walipendelea maneno ya sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, ambayo inahusu kulinda na kuendeleza haki za watu wa asili Wapigme. Upande wa pili walikuwepo waliokataa "Bantu", wakisema hilo ni neno la vitabuni, wao ni Baluba. Na familia zilizochanganyika, ambako mama ni wa huku na baba ni wa kule, zilituuliza tumeziweka wapi. Hatukuwa tumeziweka popote. Fomu ilikuwa na majibu mawili tu.

Baraza lilijadili jambo hili likatupa shauri ambalo hatukulitarajia: kwenye grafu ya kuonyesha watu wote, msigawe kwa kabila hata kidogo. Majembe yalitolewa kwa kufuata hali ya familia, basi onyesheni hali ya familia. Tukakubali. Safu ya jamii ikabaki kwenye faili kwa ajili ya kukagua kama kuna upande uliosahauliwa, na grafu ya hadhara ikawa na makundi matatu: familia zilizohama, familia za wenyeji waliowapokea wengine, na familia zilizorudi.

Hata majina hayo matatu hayakupita bila maswali. Mama mmoja alitwambia: "Mwanangu, mmeniandika kwamba nimerudi. Nimerudi Ankoro, ndiyo. Lakini kiwanja changu kina mtu mwingine na mimi nalala kwa shemeji. Nimerudi wapi?" Tulimsikiliza, kisha tukakubaliana na baraza kwamba "waliorudi" ni familia iliyofika katika kijiji chake na inalala katika kiwanja chake yenyewe. Aliyefika kijijini bila kupata kiwanja chake anahesabiwa bado miongoni mwa waliohama. Maana hiyo tuliiandika chini ya grafu kwa herufi kubwa. Lebo ni fupi, haiwezi kubeba kila kitu, na penye ugomvi wa ardhi tofauti ya neno moja ni tofauti ya shamba.

Jina moja la kuangalia kwa makini ni "wengineo". Huwa ndilo kapu la kutupia wote ambao mwandishi wa fomu hakuwafikiria. Nchini Kenya, Wamakonde wa Kwale waliishi miaka mingi bila uraia unaotambuliwa. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 serikali ikawatambua kuwa kabila la 43 la nchi hiyo. Katika orodha ni mstari mmoja tu ulioongezeka. Kwao ulikuwa kitambulisho. Kundi la "wengineo" likianza kuwa kubwa katika takwimu zako, rudi uwanjani uulize ni akina nani.

Lebo pia ina udanganyifu wake. Haiunganishi majibu. Mwandishi mmoja akiandika "Ankoro", wa pili "ankoro" na wa tatu "Ankolo", kompyuta huona vijiji vitatu. Ukiwapa wote watatu lebo moja, programu nyingine bado zitawahesabu mbalimbali, na utapata nguzo tatu zenye jina moja. Dawa yake ni kusahihisha majibu yenyewe, au bora zaidi, kutumia fomu ambayo mtu anachagua kijiji kutoka kwenye orodha badala ya kuandika.

Vivyo hivyo kwa misimbo ya "hajui" na "hakujibu". Desturi ni kuandika 88 na 99. Tuseme familia sita zimeulizwa idadi ya watoto na majibu ni 3, 5, 4, 99, 2 na 99. Ukiweka lebo "hakujibu" juu ya 99 kisha ukaomba wastani, programu isiyoambiwa vizuri itajumlisha 212, igawe kwa 6, na kukwambia kila familia ina watoto zaidi ya 35. Ukweli ni 14 kugawanya kwa 4, yaani watoto watatu na nusu. Kosa kubwa hivyo utaliona. Lakini kwenye familia elfu moja, zikiwa tano tu hazikujibu, wastani utapanda kidogo na hakuna atakayeshtuka. Lazima uiambie programu wazi kwamba 99 si idadi.

Nafasi

Kama hukuchagua mpangilio, programu nyingi zitakuchagulia alfabeti. Alfabeti si mbaya siku zote. Kwa teritwari sita za jimbo letu ni suluhisho zuri: Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba, Nyunzu. Hakuna anayeweza kulalamika kwamba amepewa nafasi ya mwisho kwa chuki, kwani Nyunzu ni ya mwisho kwa sababu ya N tu. Mahali ambapo majibu hayana mkubwa wala mdogo, alfabeti ni hakimu asiye na ndugu. Inafaa tu iandikwe chini: "Mpangilio ni wa alfabeti."

Lakini ipo mifano ambayo alfabeti inavuruga. Iangalie miezi. Ukiandika miezi kwa Kiswahili na kuacha kompyuta ipange, mwaka utaanza na Agosti, kisha Aprili, Desemba, Februari, na utaishia Septemba. Grafu ya familia zilizofika kila mwezi itapanda na kushuka kama mtu mlevi, na kiongozi atadhani kila mwezi kuna vita vipya. Programu ya Excel inajua mpangilio wa miezi kwa lugha iliyowekewa, kwa mfano Kifaransa. Kiswahili ni lazima uifundishe wewe kwa kutengeneza orodha yako.

Makundi ya umri nayo yana mtego. Yakiandikwa kama maneno hupangwa hivi: 0–4, 12–17, 18–59, 5–11, 60 na zaidi. Watoto wa miaka 5 hadi 11 wanakaa baada ya baba zao, kwa sababu kompyuta inasoma herufi moja moja na 5 inakuja baada ya 1. Tumeona kosa hili katika ripoti nzuri zilizochapishwa kwa gharama.

Kwa majibu yenye ngazi, kama "usalama ni mzuri, wa wastani, mbaya", ni lazima mpangilio ufuate ngazi. Ubaki hivyo katika kila grafu ya ripoti nzima, usigeuzwe katikati. Msomaji akishazoea kwamba kushoto ni pazuri, usimhamishe tena.

Swali gumu zaidi ni mpangilio wa vijiji kwa wingi wa msaada. Wataalamu wengi hushauri kupanga nguzo kutoka ndefu hadi fupi ili macho yaone haraka. Ofisini ni shauri jema. Katika mkutano wa vijiji ambavyo vilipigana, orodha kama hiyo inasomwa kama mashindano, na kijiji cha mwisho kinarudi nyumbani na hasira. Sisi tunapanga kwa njia ambayo watu wenyewe wanasafiri: kijiji cha kwanza ni kile ambacho mashua inakifikia kwanza ukipanda mto, kisha kinachofuata. Wataalamu watatusamehe. Mama anayetafuta kijiji chake kwenye karatasi anakipata mara moja, kwa sababu anajua kinafuata kipi.

Rangi

Rangi zenye mpangilio mmazijua vizuri kuliko mnavyodhani. Kila mama aliyempeleka mtoto kwenye kituo cha lishe anaujua utepe wa kupimia mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni nyekundu, kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni manjano, na 125 au zaidi ni kijani. Mama asiyejua kusoma namba anajua kama mtoto yuko hatarini. Ramani za njaa za mfumo wa IPC nazo zina awamu tano: kijani hafifu, manjano, rangi ya chungwa, nyekundu, kisha nyekundu iliyoiva kwa njaa kuu. Katika mifano hii rangi inasema kitu cha kweli: kadiri hatari inavyozidi, rangi inazidi kuwa kali. Usiigeuze mifumo hiyo kwa kupenda kwako. Ukitumia kijani kwa njaa kali kwa sababu tu umeipenda, utawapoteza watu.

Mambo hubadilika unapopaka rangi makundi ya watu badala ya ngazi za hatari. Hapo nyekundu haipaswi kuwa ya mtu yeyote. Hata kwenye bendera ya nchi yetu ya tangu 2006, nyekundu ni damu ya waliokufa kwa ajili ya nchi. Tuliporudi Ankoro na makundi matatu, tulibeba penseli za rangi na kuliomba baraza lichague. Ilichukua muda mrefu kuliko tulivyopanga. Buluu ya angani ilikataliwa na baadhi kwa kuwa ni rangi ya MONUSCO, ingawa ujumbe huo uliondoka Tanganyika mwaka 2022. Rangi nyingine zilikataliwa kwa sababu ya vyama vya siasa. Sisi tulipendekeza kahawia kwa wenyeji, tukiona ni rangi tulivu, rangi ya udongo. Kijana mmoja wa familia iliyohama akatabasamu akasema: "Kwa hiyo udongo ni wao?" Watu walicheka, naye pia alicheka, lakini tuliiondoa kahawia palepale.

Mwishowe zilikubaliwa buluu iliyokolea kwa waliohama, kijani cha majani ya mihogo kwa wenyeji, na manjano ya mahindi kwa waliorudi. Kijani haikutuogopesha kwa sababu nyekundu haikuwepo kando yake. Wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani, na wengi wao hawajui kwamba wako hivyo. Ukizitumia zote mbili pamoja kwa makundi, umewaandikia barua wasiyoweza kuisoma.

Kisha kuna fotokopi. Grafu yako itatoka ofisini na rangi zake, lakini chifu atakopi kwa wino mweusi ili kuwapa makapita wake, na nakala ya nakala ndiyo itakayosomwa. Kwa hiyo chagua rangi moja iliyokolea, moja ya kati na moja hafifu, upige fotokopi mwenyewe kabla, uone kama bado zinatofautiana. Tena andika jina juu ya kila nguzo. Hapo hata rangi zikipotea zote karatasi bado inasema.

Jambo la mwisho kuhusu rangi ndilo lililotukamata mara ya pili, na ni la kiufundi. Programu nyingi haziweki rangi kwa jina, zinaweka kwa nafasi: wa kwanza anapata rangi hii, wa pili ile. Katika robo moja ya mwaka hapakuwa na familia ya waliorudi kwenye kituo kimoja. Kundi hilo likatoweka kwenye faili, mpangilio ukasogea, na wenyeji wakapata rangi ya waliorudi. Mtu aliyeweka grafu mbili pamoja angeona kwamba wenyeji wote walihama na kurudi ndani ya miezi mitatu. Lazima rangi ifungwe kwenye jibu lenyewe, ili kundi likikosekana rangi yake ikosekane nalo.

Kwa wenzetu wanaotumia kompyuta

Tutasema kwa ufupi tu, kwani kila programu ina njia yake. Katika SPSS, nenda kwenye ukurasa wa orodha ya vigezo, bofya sehemu ya Values, uandike msimbo na lebo yake. Sehemu ya Missing iliyo jirani ndipo unapotangaza 88 na 99. Katika JMP, kila safu ina sifa zake unazozifungua kutoka Column Info. Ndani ya Column Properties utakuta sifa ya lebo, sifa ya mpangilio na sifa ya rangi, kila moja peke yake. Ukiziweka mara moja, zinafuata safu hiyo katika kila grafu utakayochora, na huo ndio uzuri wake.

Mashirika mengi ya misaada yanakusanya takwimu kwa Kobo. Fomu yake inaandaliwa kwenye jedwali lenye karatasi ya choices, ambamo kuna safu ya name na safu ya label. Unaweza kuongeza label ya lugha nyingine pembeni. Mpangilio wa mistari ndio mpangilio atakaouona anayeuliza. Unaweza kurekebisha label hata baada ya kuanza kazi. Usiiguse name, kwani majibu ya zamani yatabaki na jina la kale, mapya yatachukua jipya, na kundi moja litakuwa mawili.

R haina malipo, ndiyo maana vijana wetu wengi wanajifunza hiyo. Humo amri ya factor inafanya jina na nafasi kwa pamoja:

hali <- factor(hali, levels = c("hama", "mwenyeji", "rudi"), labels = c("Waliohama", "Wenyeji", "Waliorudi"))

Rangi zinafungwa baadaye wakati wa kuchora, kwa kutaja kila lebo na rangi yake. Angalizo moja, na tunaomba mlichukue kwa uzito. Jibu lolote ambalo halimo kwenye levels linageuka kuwa tupu, na R haikuambii. Mwandishi akiwa ameandika "Rudi" kwa herufi kubwa, familia hizo zinafutika kwenye hesabu kimya kimya. Kwetu ziliwahi kufutika familia kadhaa, na tuligundua kwa sababu tu kapita wa kijiji chao alikuwa na daftari lake la mkono na hesabu zake hazikulingana na zetu. Daftari lake ndilo lililokuwa sahihi. Tangu hapo tunahesabu mistari kabla na baada ya kila amri ya aina hiyo.

Kumbukeni pia kwamba faili ya CSV inabeba maandishi matupu. Rangi na mpangilio havimo ndani yake. Ukimtumia mwenzako CSV, mtumie na karatasi ya maelezo: msimbo, jina, nafasi, rangi.

Safu isiyotakiwa kusafiri

Lebo nzuri inafanya faili isomeke na kila mtu, hata na yule usiyemtaka. Nchini Rwanda, utawala wa Wabelgiji ulianza kuandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, mstari huo mmoja ulitosha kumuua mtu. Majina ya watu, vijiji vyao na kabila lao katika jedwali moja lenye lebo zilizo wazi ni kitu cha hatari kwenye barabara zetu pia. Sisi tunahifadhi majina katika faili moja na majibu katika nyingine, zikiunganishwa na namba tu. Safu ya jamii inabaki kwenye msimbo bila lebo, na ufunguo wa msimbo haukai kwenye kompyuta ile ile inayosafiri kwa pikipiki. Kiongozi akiletewa orodha yenye majina na kabila, ana haki ya kuuliza inaenda wapi na nani ataisoma.

Zoezi la kufanya katika kikundi

Zoezi hili halihitaji umeme. Chukueni mahindi, maharage na mawe madogo. Kila familia iliyopo iweke kitu kimoja chini, kwa mistari, kuonyesha kama imehama, ni ya wenyeji au imerudi. Tayari mna grafu ya nguzo. Sasa mtu mmoja abadilishe nafasi za mistari bila kuongeza wala kupunguza, na kila mmoja aseme anaona nini tofauti. Kisha badilisheni vitu: waliokuwa mahindi wawe mawe. Katika kikundi kimoja cha akina mama tuliofanya nao, waliopewa mawe walikataa kuendelea mpaka wapewe maharage. Mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya maana kuliko somo letu.

Baada ya hapo jadilianeni: Ni majina gani ambayo wengine wanatuita katika fomu zao na sisi hatuyapendi? Tungependa kuitwaje, na je, jirani zetu wanakubali? Katika takwimu za kijiji chetu, nani yuko ndani ya "wengineo"? Kuna familia ambayo haiwezi kujichagulia mstari hata mmoja?

Swali hilo la mwisho lilipoulizwa Ankoro, mwanamke mmoja kijana alibaki amesimama na punje ya hindi mkononi. Mume wake amerudi kijijini, yeye na watoto bado wako kwenye kituo kwa sababu ya shule. Baraza halikuwa na jibu, wala sisi. Tumeongeza mstari wa nne kwenye fomu, "familia iliyogawanyika", na bado unasubiri kupewa rangi.